Mashine ya Fundi Anayehama

 

Siku ya kuhama, Fuso hupakiwa kwa fujo. Vitanda, kabati, magodoro, jiko la mkaa, kuku kwenye tenga. Watu wanafuta jasho, dereva ameshawasha gari, ndipo mmoja anauliza: "Na ile je?" Wote wanageuka kuangalia banda la mabati uani. Chini yake kuna mashine ya kuranda mbao, au mashine ya kuchomelea vyuma, au fuawe, au ile vaisi iliyofungwa kwenye gogo la mvule tangu watoto wa nyumba hiyo hawajazaliwa. Hakuna mwenye jibu. Basi jirani anaambiwa, "Tutunzie, tutarudi kuichukua," na huo ndio mwisho wake. Mvua mbili zikipita, kutu imeshaingia kwenye beringi.

Leo naongea na nyinyi wenye vitu hivyo, na hasa watu wa Korogwe na Handeni, maana nyumba zenye mashine nzito uani kwetu ni nyingi na sababu yake naijua. Korogwe imezungukwa na mkonge: Magunga, Ngombezi, Mwelya, na ukishuka, Hale. Handeni kuna Kabuku. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika Korogwe mwaka 1902, na mashamba yakaifuata. Kila shamba lilikuwa na karakana yake, kwa kuwa korona ya kusaga majani ya mkonge haingoji. Ikisimama, majani yaliyokwisha kukatwa yanaharibika. Fundi wa shamba hakuwa na duka la kukimbilia. Kipuri kikivunjika alikichonga mwenyewe, alikikereza, alikichomelea, na usiku uleule korona ikazunguka. Vijana waliokuja na mikataba ya manamba kutoka Kigoma, Njombe na kwingineko walikuta ufundi huo, na baadhi yao hawakurudi shambani kukata majani tena.

Mwaka 1964 Tanganyika ilitoa mkonge wa tani kama 230,000. Mwishoni mwa miaka ya 1990 zilikuwa zimebaki kiasi cha tani 20,000. Mkonge ulipoanguka, karakana nyingi zilinyamaza, lakini mafundi hawakunyamaza. Walitoka na mikono yao, wakanunua mashine moja moja, wakafungua mabanda kando ya barabara, wakachonga milango, madirisha, majembe ya kukokotwa na ng'ombe, vitanda vya mninga. Hao, au wanafunzi wao wa kwanza, leo ndio wazee wetu. Magoti yamechoka. Watoto wako Dar es Salaam na Arusha. Nyumba ya vyumba vitano imekuwa kubwa kwa mtu mmoja na mkewe, na uani kuna banda lenye chuma cha tani nzima.

Wapo pia wanaohama bila kupenda. Bomba la mafuta ghafi kutoka Uganda, kilomita 1,443 hadi Chongoleani, linapita katika wilaya zetu hizi, na wapo waliopisha. Wapo waliochorewa alama ya X na watu wa barabara. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi kutoka mita 22.5 kila upande hadi mita 30, na mabanda ya mafundi, kwa jinsi biashara yao inavyotaka kuonekana, yako karibu na lami kuliko nyumba yoyote. Aliyefuatwa na barabara ana haki ya fidia. Aliyeifuata hana.

Hapa nataka mnisikilize vizuri, hata kama huhami mwaka huu. Kanuni za fidia ya ardhi za mwaka 2001 zinasema posho ya usafiri ya mtu anayehamishwa ni gharama halisi ya kusafirisha mzigo wa tani 12, kwa reli au kwa barabara, ipi iliyo nafuu, kwa umbali wa kilomita 20. Tani 12 ni mzigo mkubwa. Mwenye vitanda na sufuria hazimalizi. Wewe mwenye mashine ya kuranda, kompresa, jenereta na rundo la mbao utakaribia. Usiseme "mimi nina kabati tu" ili mthamini amalize haraka. Mwoneshe kila kitu. Kanuni hizohizo zinatambua pia faida unayoipoteza kwa kuondolewa kwenye biashara: faida halisi ya mwezi mmoja mara miezi 36. Faida hiyo inataka ushahidi wa hesabu, na wengi wetu hatuna hata daftari. Fundi anapokea oda ya vitanda kumi kwa neno la mdomo, analipwa kwa mafungu, hela inaingia mfukoni na kutoka sokoni. Siku mthamini anapofika, kazi ya miaka thelathini haina karatasi. Nunua kauntabuku leo. Andika kilichoingia na kilichotoka.

Na wewe uliyeajiriwa ukastaafu kwenye nyumba ya mwajiri, mbali na mahali ulipochukuliwa kazini: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 43, inamtaka mwajiri akusafirishe wewe na vitu vyako binafsi hadi pale alipokuchukua, au alipie safari hiyo. Vaisi yako uliyoinunua kwa mshahara wako ni kitu chako. Iandike kwenye orodha ya mizigo kabla ya siku ya safari.

Nirudi kwa anayehama kwa hiari, maana huyu ndiye mwenye nafasi ya kuamua, na ndiye anayeiacha nafasi hiyo ipite.

Kuna mzee mmoja wa Manundu, pale Korogwe, seremala. Alikuwa anakwenda kukaa kwa binti yake Tanga, chumba na sebule. Mashine yake ni ile inayounganisha randa na msumeno kwenye fremu moja ya chuma cha kumimina. Nilimkuta siku mnunuzi wa chuma chakavu amekuja na mizani yake ya kuning'iniza. Mnunuzi hakuwa mtu mbaya; aliongea kwa adabu. Lakini mahesabu yake yalikuwa ya kuvunja. Fremu bei yake, kwa kilo. Mota bei nyingine, kwa sababu ya shaba iliyomo ndani. Kichwa cha visu kikaingia kwenye fungu la vyuma vingine. Alipomaliza kujumlisha, mashine iliyosomesha watoto wanne ilikuwa imefikia bei ya mbuzi wachache.

Mzee akamshukuru, akamwambia arudi kesho. Kisha akamwita kijana aliyekuwa akipiga msasa pembeni.

"Njoo hapa, mwanangu. Zima swichi ya ukutani kwanza. Umezima?"

"Nimezima, mzee."

Akachukua kipande cha mninga, kimenyooka, urefu wa dhiraa moja, akakilaza juu ya meza ya kutolea ubao, ncha yake ikapita juu ya visu. Akachora mstari wa penseli kwenye kile kipande pale kinapokutana na ukingo wa meza. Akazungusha kichwa cha visu kwa mkono, polepole. Kisu kilipopita juu kikakigusa kile kipande na kukivuta mbele kidogo, kama unene wa shilingi mbili zilizopandana. Akachora mstari wa pili.

"Kikivuta hivi, umepatia. Kikikinyanyua, kisu kimepanda, kitakuchimbia mbao mwishoni. Kisipokigusa, kiko chini, utasukuma mpaka mabega yaume. Sasa pima upande wa kulia. Halafu katikati. Visu vyote vivute sawa."

Kijana akapima. Upande wa kulia haukuvuta. Akalegeza nati, akagonga kisu kwa ncha ya kijiti, akakaza, akapima tena. Nusu saa nzima mzee hakugusa kitu, alikuwa anaelekeza kwa kidevu tu. Kijana huyo ana miaka mitano kwenye banda lile, na kazi ya kufunga visu mzee alikuwa akiifanya mwenyewe asubuhi, kabla wengine hawajafika. Kama angehama wiki moja kabla, mashine ingekwenda na ujuzi huo ungepotea, kwa sababu hakuna kitabu chake. Kibati cha maelezo kwenye fremu kilikwisha futika, hata jina la kiwanda halisomeki.

Hilo ndilo nililotaka kuwaambia leo, na mengine yote nitakayosema yanatokana nalo: mashine nzito igawe ukiwa bado unaweza kusimama kando yake. Thamani yake kubwa iko kwenye kuoneshwa. Ukiondoka, kinachobaki uani ni kilo, na mwenye kilo ni yule mwenye mizani.

Najua mtu ataniambia, "Mwanangu, mimi nahitaji hela. Siwezi kugawa bure." Sikusema bure. Yule mzee alimpa kijana kwa mali kauli: atalipa kidogo kidogo kila mwezi, bei ikiwa juu ya ile ya mnunuzi wa chakavu na chini ya mashine ya dukani. Waliandikishana mbele ya mwenyekiti wa mtaa, wakaweka na sharti la kwamba banda litabaki palepale miezi sita ili wateja wasipotee. Hapo nimeona busara. Mteja wa seremala anafuata mahali kabla hajamfuata mtu. Akifika akikuta kimya, anavuka barabara. Kama wanaoichukua ni kikundi cha vijana, wakaulize halmashauri juu ya ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Mashine iliyotumika, inayozunguka, ambayo mwenyewe yuko hai kuwaonesha, ni kitu cha kuombea mkopo kwa kujiamini.

Wengine mnataka kuhama nayo. Kabla hujaamua, kaangalie nguzo ya umeme huko unakokwenda. Mashine nyingi kubwa zinatumia fezi tatu. Nyumba ya binti yako ina fezi moja na Luku ya kawaida. Kuongezewa njia ni maombi, ni gharama, na kama laini ya fezi tatu iko mbali, gharama hiyo inaweza kuipita mashine. Kubadilisha mota inawezekana, ila nguvu itapungua, na mbao ngumu kama mkongo itaikwamisha. Halafu kuna majirani. Banda la Korogwe lililoko uani penye miembe si sawa na upenu wa nyumba ya mjini ambapo ukuta wako ndio ukuta wa mwenzako na mtoto wake mchanga amelala. Nimeona wazee wakihama na mashine, wakaifunika turubai, na hawakuiwasha hata mara moja. Ilikuwa inakaa pale wakiitazama, na wajukuu wakianikia nguo juu yake. Kwangu mimi hiyo ni njia ya huzuni kuliko kuiuza.

Chukua vya mkono. Randa ya mkono, patasi zako, tezo, keekee, msumeno mmoja mzuri, jiwe la kunolea. Vinaingia kwenye sanduku moja, vinakaa chini ya kitanda, na mzee mwenye sanduku hilo hakosi kazi mtaani: mguu wa kiti, bawaba ya mlango, mpini wa jembe. Mikono iliyozoea kazi ikikosa kazi inaugua.

Sasa niseme la mirathi, maana hapa ndipo familia zinapogombana. Fundi anamwambia mwanafunzi wake mara nyingi, "Mimi nikifa, mashine hii yako." Anasema mbele ya watu, anasema kwa moyo. Akishafariki, neno hilo halina miguu. Kwa sisi Waislamu, na Handeni ni wengi, wasia una mpaka: hauzidi theluthi ya mali inayobaki baada ya mazishi na madeni, na hauwi kwa mrithi isipokuwa warithi wenzake wameridhia. Mwanafunzi si mrithi, kwa hiyo anaweza kuusiwa ndani ya theluthi, lakini seremala ambaye mali yake yote ni mashine na nyumba ndogo, theluthi hiyo itahesabiwa kwa makini. Hiba ni jambo jingine. Unampa mtu ukiwa hai na mzima, anapokea, unamkabidhi, imekuwa yake. Kukabidhi ni sharti. Ukisema umempa na mashine ikabaki kwako na ufunguo mfukoni mwako, umeacha ugomvi. Na usingoje ugonjwa. Hiba inayotolewa kwenye maradhi ya mauti huhesabiwa kama wasia, unarudi palepale kwenye theluthi. Kwa ndugu Wakristo na wengine, utaratibu unatofautiana, ila nasaha yangu ni ileile: mpe ukiwa mzima, andikeni, watoto wako wawepo wasikie kwa masikio yao. Mtoto wa kiume aliyeko Dar ambaye hajagusa msumeno maishani mwake ana haki ya kuambiwa kwa nini mashine ya baba inakwenda kwa kijana wa jirani. Ukimweleza, mara nyingi ataelewa. Akiikuta imekwenda bila kuelezwa, ataona ameporwa.

Na mama zangu, wajane. Nawafikiria nyinyi zaidi ya wote. Mume akizikwa, arobaini haijafika, mtu amekwisha piga hodi kuulizia "yale machuma." Anakuja na pole mdomoni na bei mkononi. Mama hajui spana ipi ni ya mashine ipi, hajui ile mota peke yake ina thamani gani, na nyumba ina wageni wa kulisha. Anauza. Simlaumu hata kidogo. Ninayemlaumu ni baba aliyeishi na mashine miaka thelathini bila kumwambia mkewe bei yake wala jina la fundi mmoja mwaminifu wa kumpigia simu. Kama mume wako yuko hai na ana banda, mama, muulize leo jioni. Si uchuro.

Kuna njia nyingine ambayo haizungumzwi sana. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilianza mwaka 1975, na kimoja kiko Handeni. Vyuo hivi vinafundisha useremala, uashi, ushonaji, na kwa kawaida wanafunzi ni wengi kuliko vifaa. Usiwapelekee kwa kushtukiza. Nenda kwanza umwone mkuu wa chuo, uliza kama umeme wao unaifaa mashine, uliza kama mwalimu yupo, na upate hati ya mapokezi. Ukiweza, jitolee kwenda kuifunga na kufundisha siku mbili tatu. Mashine iliyotolewa bila mtu wa kuieleza huishia stoo ya chuo, na stoo ya chuo haina tofauti na uani kwa jirani.

Uingereza wazee wao wanakutana na jambo hilihili. Mtu anatoka kwenye nyumba yenye karakana bustanini, anahamia kwenye ghorofa dogo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 kulianzishwa huko shirika la hisani linaloitwa Tools for Self Reliance, lililoweka makao kijiji cha Netley Marsh karibu na Southampton. Watu wa kujitolea walikusanya zana za wazee hao, wakazisugua kutu, wakazinoa, wakazifunga kwenye masanduku na kuzituma Afrika, Tanzania ikiwemo. Jina lenyewe limebeba lile neno letu la kujitegemea. Kitu ninachokiheshimu kwao ni kwamba walifunga sanduku kwa fani: zana za seremala pamoja na za seremala, za mwashi pamoja na za mwashi, kwa kuwa randa moja bila patasi na msumeno haimpi mtu kazi. Lakini kila nikifikiria masanduku yale yakivuka bahari, nawaza pia malori ya chuma chakavu yanayopita Segera kuelekea Dar es Salaam, na ndani yake vaisi za wazee wetu. Tulipokea randa kutoka Southampton huku tukiyeyusha za Korogwe. Hilo linaniuma, na sidhani kama linahitaji wafadhili kurekebishwa.

Basi, kwa anayehama mwezi huu. Chukua daftari na utembee kwenye banda lako na yule atakayebaki na mashine. Andikeni namba za beringi, kama ni 6205 au nyingine, zimechongwa ubavuni mwake. Andikeni namba ya mkanda, kama ni B52 au ngapi, maana akienda dukani bila namba ataletewa unaokaribia, na unaokaribia unateleza. Spana zake zote zifungwe kwenye kopo moja na kopo lifungwe kwa waya kwenye fremu. Boliti za miguuni zirudishwe kwenye matundu yake zikishafunguliwa. Zikitupwa kwenye mfuko zitapotea. Visu vipakwe grisi na kufungwa kwa gunia.

Mashine ikipakiwa, ivingirishwe juu ya vipande vya bomba hadi mlangoni, isimame wima kwenye gari kama inavyosimama bandani, na kamba ishike fremu, isishike meza wala kichwa cha visu. Watu sita wenye nguvu wanatosha kwa ile ya Manundu. Waite siku mbili kabla, uwaambie uzito wenyewe, na chai yao iwe tayari.